Sahani ya Roy Kershaw

Simu ya mgahawa wa Kushiara ilikuwa juu ya kaunta, kando ya bakuli la peremende za mnanaa, na Sajenti Shirin Laskar alikuwa amekaa mbele yake tangu mchana kama mtu anayemngoja mgonjwa azinduke. Nje, barabara kuu ya Harrowclough ilikuwa imeshaanza kumezwa na ukungu. Taa za duka la samaki na chipsi lililokuwa ng'ambo zilionekana kama zimezama majini.

"Mama, kunywa chai," alisema Chacha Mosabbir, mwenye mgahawa. "Chai haimzuii mtu kupiga simu."

"Na wewe keti basi, Chacha. Unanizungusha kichwa."

Mzee hakuketi. Alizunguka kati ya meza akinyoosha vitambaa vilivyokuwa vimeshanyooka, midomo ikimchezacheza. Shirin alijua anachokisoma: Ayatul Kursiyyu, aya ya kuomba kinga. Alimfahamu mzee huyu, aliyemwita Chacha, yaani baba mdogo, tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Yeye na baba yake Shirin walishuka ndege moja kutoka kwao Sylhet, wakalala chumba kimoja na kufanya zamu moja kwenye kiwanda cha pamba, hadi kiwanda kilipofungwa na Mosabbir akafungua mgahawa. Hakuwahi kumwona akiogopa, si walevi wa Jumamosi, si wale vijana waliokuwa wakimvunjia madirisha miaka ya nyuma. Simu hii ndiyo iliyomtoa rangi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Roy Kershaw, mgane, mpiga tromboni wa bendi ya mji, alikuwa akila hapa kila Jumatano jioni pamoja na rafiki zake watatu. Jumatano moja ya Novemba aliinuka mezani kabla ya wenzake, akaaga, akashika njia ya kwake kwa miguu, na hakuonekana tena. Polisi walianza kumtafuta. Kabla hawajafika mbali, Jumatano iliyofuata simu ya mgahawa ililia, na aliyekuwa akiagiza meza alikuwa Roy mwenyewe. Ikawa hivyo kila Jumatano. Mkuu wa Shirin aliposikia habari hiyo, hamu yote ilimwisha. Mtu mzima akiamua kuhama na kuwakwepa watu, alisema, hilo si kosa. Sasa ilikuwa Februari. Alimpa Shirin Jumatano hii ya leo tu. Kama sauti ni ya Roy kweli, jalada linafungwa.

"Mtu wa watu," Chacha alisema. "Mzungu pekee mji huu anayekula nyama ya satkora kama sisi. Lile limau chungu la nyumbani, wenzake wakilionja wanakunja nyuso. Yeye alilamba hadi vidole. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Hujui kama amekufa, Chacha."

"Mtu aliye hai akiagiza meza huja kukaa, mama."

Simu ikalia.

Mhudumu Anwar, aliyekuwa akikunja leso mlangoni mwa jiko, alisimama kama amepigwa picha. Shirin aliiacha ilie tena, akainua.

"Kushiara."

"Mosabbir, bwana wee! Roy hapa. Wanne leo, meza ile ile ya dirishani. Na ile nyama yangu usiwape hawa wenzangu, utawaua." Kilifuata kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake. Nyuma ya sauti, kwa mbali, mbwa alibweka, akabweka tena, akanyamaza.

"Bwana Kershaw, mimi ni Sajenti Laskar wa polisi. Uko wapi?"

"Haya, tutaonana," sauti ilisema juu ya swali lake, kana kwamba swali halikuwepo. Simu ikakatika.

Shirin aliirudisha polepole. Sauti ile alikuwa ameisikia katika kanda ya tamasha la bendi, Roy akitangaza nyimbo na kuwatania wasikilizaji. Hii haikuwa ya kuigizwa. Nywele za mikono zilikuwa zimemsimama, akashusha mikono ya sweta ili Anwar asizione.

"Umemsikia?" Chacha alinong'ona. "Hata mbwa wake yuko naye huko."

"Wewe unapopokea, anakujibu?"

"Namwambia, Roy bhai, ndugu yangu, uko wapi, watu wanakulilia. Yeye anacheka."

"Anacheka pale pale kila mara?"

Mzee alifikiri. "Pale pale."

"Kwa maneno yale yale?"

"Roy alikuwa na maneno yale yale hata alipokuwa akija kwa miguu yake. Miaka yote utani ni huo mmoja."

"Na sahani?"

Chacha alitazama meza ya dirishani. Alisema hakuweza kufanya vinginevyo. Mgeni akipiga simu kusema anakuja, huwezi kuacha kumpikia. Basi alimwekea kiti chake, sahani yake na nyama yake. Wenzake hawakukataa; walisema itawapa moyo. Na kila Jumatano sahani ilirudi jikoni tupu, imefutwa mpaka mchuzi.

"Nani anaila?"

"Hilo, mama, ndilo nisilotaka kulijua."

*

Marafiki waliingia na baridi yao giza lilipotanda. Aliyetangulia alikuwa Barry Lumb, kiongozi wa bendi, pande la mtu lenye masharubu na sauti ya kuamrisha gwaride. Nyuma yake walikuja Neville Ogden, daktari wa mifugo aliyestaafu, mrefu na mkimya, na mkewe Pauline aliyekumbatia mkoba mkubwa wa ngozi. Shirin alijitambulisha na kuuliza kama anaweza kula nao. Hakuna aliyekataa. Alivuta kiti kilichokuwa karibu.

"Hapo pana mtu," Pauline alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, ila mkono wake ulikuwa umeshakamata mgongo wa kiti. Shirin aliomba radhi, Anwar akaleta kiti kingine.

"Polisi wanakula pilipili," Barry aliuliza, "au mnashiba sheria tu?"

"Nimezaliwa mtaa wa nyuma ya hapa, Bwana Lumb. Wewe jihadhari na jasho lako."

"Eh! Ana mdomo huyu. Roy angempenda." Barry alivunja mkate mkavu wa papadi kwa ngumi, vipande vikaruka. "Niulize basi. Najua umekuja kwa ajili yangu. Mji mzima unajua nilibishana naye usiku ule, hapa hapa."

"Mlibishania nini?"

"Nilimnyang'anya wimbo wake wa Krismasi nikampa kijana mwenye mapafu. Roy pumzi zilikuwa zimemwishia, lakini nani angemwambia? Nikamwambia mimi, mbele ya watu, na bia ikiwa kichwani. Akavaa koti akaenda zake."

"Ukamfuata?"

"Ningemfuata, leo tungekuwa tunacheka." Barry hakuwa akicheka. "Nilibaki hapa nikinung'unika mpaka Mosabbir akanisukuma nje. Muulize."

Chacha, aliyekuwa akiweka chatini ya embe mezani, aliitikia kwa kichwa. "Alibaki. Alilia na kitambaa changu cha meza."

"Basi, basi, hayo hukuulizwa."

"Na nyinyi?" Shirin aliwageukia wenye ndoa. "Mliondoka lini?"

"Baada ya Roy kidogo tu," Neville alisema. "Kulikuwa na ukungu."

"Kwa gari?"

"Ndiyo."

"Njia gani?"

"Ya chini," Neville alisema, na wakati huohuo mkewe akasema, "Ya juu."

Pauline alilainisha leso mapajani. "Ya chini," alisema. "Nachanganya. Ya juu ndiyo ya Roy."

Chakula kilikuja. Anwar aliteremsha kuku, kondoo, dengu na wali, na mwishoni, akitazama pembeni, sahani ya kiti kitupu. Harufu ya satkora ilipanda, kali na chungu, ikamkumbusha Shirin jiko la mama yake. Mvuke ulikwenda juu wima, kisha ukainama kuelekea kitini na kurudi, ukainama na kurudi, sawa na mvuke wa chakula kinachopulizwa na mtu ili kipoe. Barry aliuona akatazama sahani yake. Shirin aligeuza kichwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Mapazia yalikuwa yametulia.

"Roy hapendi wali mwingi," Pauline alisema, akaupunguza kwa kijiko.

"Neville, mwagizie mkeo bia anywe, anatutisha," Barry alisema. "Nawe unywe moja. Yaani, Sajenti, tangu Novemba huyu bwana kaokoka! Zamani bia ya kwanza ilikuwa ya kusafisha koo tu, sasa maji matupu kama bata."

"Ini," Neville alisema.

"Ini! Unaweka ini la nani, la ng'ombe?"

Shirin alikata mkate wa naan. "Leo mchana Roy alipiga simu. Niliipokea mimi. Nilisikia na mbwa."

"Mbwa gani?" Barry aliuliza.

"Wake, nadhani."

"Bess?" Barry aliweka uma chini. "Bibie, Bess alikufa kiangazi. Neville ndiye aliyemdunga sindano, maskini, alikuwa haoni tena. Tulimzika bustanini kwa Roy, na mimi mjinga nikampigia tarumbeta. Tangu hapo Roy hakutaka mbwa mwingine."

Hakuna aliyetafuna. Neville alimtazama Shirin, naye akamtazama yeye. Macho ya Neville yalikuwa ya mtu mpole, na hayakupepesa.

"Mbwa wengi duniani," Neville alisema.

"Wengi," Shirin alikubali.

Lakini alikuwa na jibu lake sasa. Mbwa aliyezikwa kiangazi hawezi kubweka Februari, ila kwenye kanda. Sauti ile ilinaswa Bess akiwa hai, na anayepiga simu anaicheza kama wimbo. Roy hakuwa akimpigia mtu yeyote.

Barry alianza kisa cha jeneza la Bess, jinsi lilivyokuwa sanduku la tarumbeta, na sauti ikampanda ili afukuze kilichokuwa mezani. Shirin alicheka panapostahili. Alipoirudia sahani ya Roy kwa macho, ilikuwa tupu. Imefutwa mpaka mchuzi.

Barry alikuwa ameshaiona. "Kila wiki," alisema kwa sauti ndogo. "Kila wiki najiambia sitapepesa macho."

Shirin aliangusha leso yake na kuinama kuiokota. Chini ya meza, mapajani mwa Pauline, mkoba ulikuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na kopo la plastiki la chakula cha kwenda nalo, na vidole vya Pauline vilikuwa vikibonyeza kifuniko, kona moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Alijiinua, akamtazama Pauline usoni.

*

Walipokwisha kuondoka, Shirin alimfuata Chacha jikoni.

"Chacha, Roy alipokuwa akiagiza meza zamani, nani alipokea?"

"Mara nyingi mashine. Mchana tunalala, mama. Mashine ya kupokea ujumbe, ile yenye kanda ndogo."

"Iko wapi?"

"Nilinunua mpya kabla ya majira ya baridi. Ile kuukuu..." Alisimama, mkono umeshika mwiko. "Aliiomba yule mama. Pauline. Alisema ni ya kumpelekea mama yake mzazi. Nilimpa na kanda yake ndani. Nilisema, sijafuta kitu." Alikaa juu ya gunia la vitunguu. "Ya Allah. Basi si yeye. Si Roy."

"Si yeye."

"Na nyama yangu?"

"Anaichukua Pauline. Kwenye kopo."

Mzee alipaswa kupumua, lakini hofu haikumwacha usoni. Iligeuka tu. "Anampelekea nani?" aliuliza.

Ndilo swali lililomzuia Shirin asigonge mlango wa akina Ogden jioni ileile. Kwa kanda peke yake wangesema ni mzaha wa watu wenye huzuni, na wangetoka na onyo. Alitaka kujua kopo linakwenda wapi.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Shirin alikaa ndani ya gari na Konstebo Hobday, mwisho wa barabara ya akina Ogden, kioo kimeshushwa kidogo kisipate mvuke.

"Afande, labda anampa paka," Hobday alisema.

"Paka hali satkora."

Mlango ulifunguliwa. Pauline alitoka na koti la mvua, amebeba kitu kilichofungwa taulo kifuani. Hakwenda kwenye gari. Alipanda njia ya juu kwa miguu, akiwa katikati ya barabara bila kutazama nyuma, na ukungu ukamfunga.

"Baki na nyumba," Shirin alisema. "Bwana akitoka, mzuie."

Alimfuata kwa masikio kuliko kwa macho. Viatu vya Pauline vilisikika mbele, vikipunguza mwendo pale barabara ilipokunja kona kali ukutani. Hapo vilisimama. Shirin naye akasimama. Alimsikia mwanamke akisema neno moja au mawili, kwa upole, jinsi mtu anavyompisha mwenzake njiani. Kisha viatu viliacha lami na kuingia kwenye majani.

Njia ile ilikwenda kwenye bwawa la kiwanda cha zamani. Bomba la moshi la kiwanda lilikuwa bado limesimama, na kilele chake hakikuonekana. Kabla Shirin hajaona maji, alinusa. Satkora, nje, kwenye baridi, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala jiko. Na haikuwa harufu ya chungu kimoja tu. Ilikuwa imelowesha mahali pale.

Pauline alikuwa amepiga magoti ukingoni. Kushoto kwake na kulia kwake, juu ya jiwe la ukingo, makopo ya plastiki yalikuwa yamepangwa kufuata maji, vifuniko vimefungwa, mengine yameota ukungu mweusi ndani, mengine yakiwa na barafu juu. Sehemu ile ilijaa mbweha na kunguru. Hata kopo moja halikuwa limeguswa.

"Bibi Ogden."

Pauline hakushtuka. "Nilijua utakuja. Uliponiona chini ya meza, ulinitazama kwa huruma."

"Roy yuko hapa?"

"Pale kwenye kina." Alionyesha kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika kopo. "Tulimgonga pale konani. Neville alikuwa amelewa, na mimi nilijua, nikampa funguo. Alitokea tu, na koti lake lile jeusi. Hakupiga kelele. Neville akasema nikienda jela mimi, wewe utabaki na nani? Tukamtia kwenye buti la gari."

"Simu lilikuwa wazo la nani?"

"La Neville. Mashine nilikuwa sijampelekea mama. Akasema ni mara moja tu, mpaka polisi wachoke. Mlichoka upesi." Hakuwa akilaumu. "Krismasi ilipopita akaniambia niache, sasa ni hatari. Nikamwambia, nikiacha kuagiza, Mosabbir ataacha kupika. Atakula nini?"

Shirin alichutama kando yake, polepole, ili awe sawa na macho yake. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua tangu harufu ile ya kwanza. Mtu huwaletea wafu maua. Hawaletei kitu kilichopashwa moto asubuhi na kufungwa taulo.

"Mlipomfikisha hapa, Pauline, alikuwa amekufa?"

Mwanamke aligeuza macho bwawani. Maji hayakuwa na wimbi hata moja.

"Nilidhani," alisema. "Kweli nilidhani. Neville alipofungua buti, Roy akanitazama. Akasema, Pauline, nasikia baridi. Hivyo tu, kwa adabu yake, kama anaomba dirisha lifungwe."

"Neville akafanya nini?"

"Akammulika macho kwa tochi. Akamshika shingo. Akasema hatapona huyu, ni kumtesa tu. Alisema kwa sauti nzuri, ile aliyokuwa akiwaambia wenye wanyama kazini." Pauline alilibana kopo kifuani. "Roy aliendelea kusema anasikia baridi, Sajenti. Mpaka maji yalipomfunika. Ndiyo maana mimi kila mara nakileta cha moto."

Shirin alilichukua kopo kutoka kwake. Lilikuwa linaunguza. Alilishika kwa mkono mmoja, kwa kuwa hakujua aliweke wapi, na kwa mkono wa pili akachukua redio. Alimwambia Hobday aingie ndani ya nyumba amkamate Neville Ogden kwa mauaji, kisha aite wapiga mbizi na daktari. Hobday aliomba arudie lile neno mauaji. Akalirudia.

Pauline alikuwa amevua glovu. Alitumbukiza mkono majini hadi kifundo, akauacha humo muda, akautoa ukiwa mwekundu.

"Mtamtoa leo?"

"Leo."

"Basi waambie hao wanaokuja," Pauline alisema, "wasisahau blanketi."